Benki ya Likizo na Mama Aliye Tanga

Kazi yangu kwenye kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, hapa London, ni kusimamia benki ya likizo. Mfanyakazi mwenye siku za likizo asizozihitaji huzitia humo, na mwenzake aliyefikwa na maradhi au msiba huomba apewe. Kazi nzuri, jamani, mpaka siku nilipoichukia.

Aliyeomba alikuwa shoga yangu, tuliyetoka naye Tanga, mhudumu wa wazee wa kaunsili hiyohiyo, kule Thamesmead. Likizo yake yote ilikwisha mwanawe alipolazwa, na ruhusa bila malipo mkubwa wake alishamkatalia. Sasa mama yake mzazi alikuwa mgonjwa Tanga, naye alitaka kitu kimoja tu: amkute hai.

Kamati yetu haitoi siku mpaka jamaa wa mgonjwa athibitishe kwamba hali ni mbaya. Basi mimi na yeye tukampigia simu kaka yake mbele ya kamati, mimi nikitafsiri. Lo! Aliposikia tu sauti ya dada yake, akaanza: "Mama hajambo, mdogo wangu. Homa tu, na uji kanywa. Tulia na kazi yako."

Nikaingilia: "Kaka, sema ukweli, ndio utakaomleta."

"Hajambo kabisa," akang'ang'ania.

Nani kwetu humwambia aliye ugenini kuwa mama yake yu taabani? Hufichwa, asije akaanguka huko peke yake. Nikatafsiri yote, kisha nikawaambia wanakamati: "Kwetu mtu akibembelezwa hivi, ujue mambo yameharibika." Mwenyekiti akanitazama kwa huruma, akasema hawezi kuamua kwa hisia zangu. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Wapi! Wakamnyima. Shoga yangu machozi yakamdondoka. Alishamwelewa kaka yake.

Mama alifariki wiki ileile, akazikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Habari zikaenea kazini, na siku za likizo zikamiminika benki kwa ajili yake, hata kutoka kwa watu wasiomjua. Kamati ikazipitisha bila swali. Nikatumwa mimi nikamwambie.

Nilimkuta nyumbani kwake, kajitanda kanga, macho yamemvimba, jirani akimlazimisha anywe chai. Nilianza kumweleza, nikashindwa kumaliza kwa kilio. Yeye, mfiwa, ndiye aliyenifuta machozi.

"Warudishie, shoga," akasema. "Wape wenye mama."