Burulkan na Siku Thelathini za Mpakani

Kila nikipita Naryn hulala kwa Burulkan Sadyrova, daktari wa mifugo mstaafu, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Juu ya kabati lake kuna mfupa wa nyonga ya kondoo, mweupe kama chaki. Nimeishi na Wakirgizi miaka mingi, najua mfupa hauwekwi hapo bure. Nikamuuliza.

Ilikuwa Aprili 1992. Nchi haikuwa imetimiza mwaka tangu ipate uhuru, mabalozi hakuna, na Wachina ng'ambo ya mlima walitaka mkataba wa kununua mifugo. Naibu waziri, Asanbai, aliita watu Bishkek, mji mkuu, ateue wajumbe wa kwenda kujadiliana. Burulkan akakuta jina lake mwisho wa orodha: mshauri, bila mamlaka ya kutia saini.

Rasimu alikuwa ameisoma ndani ya basi. Kipengele cha nane kiliwataka kondoo wakae mpakani siku thelathini, wapimwe magonjwa.

"Kaka Asanbai, kule juu hakuna hata jani," alisema. "Siku thelathini? Tutauza ngozi zinazotembea."

"Hilo dogo, dada," akadakia Kubat, profesa wa uchumi aliyetajwa kuongoza ujumbe. "Tusaini kwanza. Wewe utatushauri."

"Nikikushauri utanisikia?"

"Itategemea."

"Basi tafuta mwingine wa kutomsikia."

Wakaenda kula. Kwa Wakirgizi kondoo hugawiwa kwa vyeo: mfupa unaopewa ndio kiti chako, na kuukataa ni kumtukana mwenyeji mbele za watu. Asanbai akampa Kubat nyonga, mfupa wa mkubwa. Burulkan akapewa muundi, mfupa wa mguu.

Hakuula. Aliugonga kwa mpini wa kisu, ukapasuka, akainamisha sahani. Uboho ukatiririka kama maji ya mchele; wa kondoo aliyeshiba huwa mzito.

"Dada, unatuaibisha," Asanbai akanong'ona.

"Nani hapa ataniambia kondoo huyu alikaa njaa siku ngapi? Profesa?"

Kubat akacheka. "Mimi namla tu, simhoji."

"Mimi nimemhoji. Siku nane, labda tisa. Mwite mpishi."

Mpishi akaja anafuta mikono. Ndiyo, kondoo walitoka Naryn. Lori lilikwama kwa theluji njiani.

"Siku ngapi?" Asanbai akauliza.

"Tisa, mheshimiwa. Wawili walikufa."

Burulkan akausukuma ule muundi hadi mbele ya naibu waziri.

"Hizo ni tisa tu. Zidisha mwenyewe. Wafugaji wangu hawana kingine cha kuuza. Nipe saini niende, au nirudi nikawaambie wachinje wote leo."

Asanbai aliuangalia uboho ule. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya Kubat, akachukua nyonga ambayo haijaguswa, akaiweka mbele ya Burulkan. Mwalimu wangu wa Kikirgizi huapa kwamba jambo hilo halijawahi kutokea popote. Orodha ilichapwa upya alasiri ileile, jina la Burulkan juu, la Kubat chini yake.

Kashgar, mji wa upande wa Wachina, walibishana siku mbili. Wenyeji wakisema thelathini, yeye anasema tatu, vipimo vifanyike nyumbani mbele ya madaktari wa pande zote. Wakakubaliana vipimo vya nyumbani, na mpakani siku tano. Akatia saini.

"Si ulishinda?" nikamwambia.

Burulkan alikuwa anamimina chai. Hakuinua macho.

"Tano," alisema. "Kubat alikuwa na haraka ya kurudi. Ningebaki siku moja tu zaidi, zingekuwa tatu."