Mawe ya Mpagazi

Fundi baiskeli akipaka gundi ya pancha, harufu ile hunirudisha kwenye keria ya baiskeli ya baba, na hasira yangu huamka upya. Msinishangae. Niliishia darasa la nne, lakini hasira hii sikufundishwa na mtu.

Kila Jumamosi baba alinipakia tukafuata kijia cha zamani cha misafara, kando ya reli iendayo Kigoma. Makalio yaliniwaka kwa mizizi ya njiani, miguu nimeitanua isiingie kwenye spoku, naye mbele akihema kama ng'ombe wa jembe huku akinionyesha: hapa walichota maji, hapa walitua mizigo. Penye rundo la mawe lililonizidi kimo tulishuka, lazima. Chini yake alilala babu yake baba, mpagazi, aliyeanguka na pembe ya ndovu begani. Wenzake waliamriwa waichukue pembe, yeye wamwache. Kila mmoja akamwekea jiwe, na tangu hapo kila wa ukoo wetu apitaye huongeza lake.

"Weka, halafu mwambie umefika," baba alisema. Nami nilisema kwa kelele, kama naongea na kiziwi.

Siku moja Nkwabi Kasanga, tajiri wa tumbaku pale kijijini, alinikuta kisimani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Eti wewe ndiye unayejua njia za wazee? Hebu nionyeshe hayo mawe yenu."

Nilimpeleka nikirukaruka. Nilidhani anakwenda kuweka lake! Wiki ile ile trekta lake lilizoa rundo zima, akajengea msingi wa bani lake la kukaushia tumbaku.

Jumamosi baba alisimama kwenye udongo mtupu. "Nani alimwonyesha?"

Kabla sijajibu akasema, "Haya, panda."

Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini. Nami nilijiona mjanja, nimeponea. Nimeota mvi ndipo nikaelewa: alishajua, akaubeba mzigo ule mwenyewe asiutwike mtoto.

Nkwabi alikufa bila kuomba radhi, akajengewa kaburi la marumaru. Bani lake limeanguka siku hizi. Kila Jumamosi nang'oa jiwe moja, nalifunga kwenye keria kwa mpira. Juzi mwanawe alinifokea: "Mama, unaiba msingi wa marehemu baba!"

"Marehemu wako ana marumaru," nikamjibu. "Wangu namrudishia blanketi lake."

Nikakanyaga pedali mpaka pale alipolala. Nikaliweka jiwe, nikasema kwa kelele kama zamani:

"Babu, nimefika. Aliyemwonyesha ni mimi."