Gundi Haishiki Penye Umande

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, kule Malindi ya milimani, si ile ya pwani, enzi za vijiji vya Ujamaa, nilipokuwa bado mgeni katika nyumba ya wakwe zangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, nasi tulikuwa tunavuta maji.

Mama mkwe wangu alikuwa ameteleza kwenye njia ya chemchemi akiwa na ndoo kichwani, akavunjika nyonga. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa mlangoni juu ya kigoda. Kamati ya kijiji ikamhurumia. Bomba kuu lilikuwa limeshapita jirani, basi tukaruhusiwa kuvuta tawi hadi uani kwake, na majirani wachote hapo hapo. Tukapewa mabomba ya plastiki na kopo la gundi, ambalo wala halikujaa.

Shemeji yangu Yona ndiye aliyeshika kazi. Alimpenda mama yake kupita kiasi, kama mapenzi yana kiasi. Mimi nilimshikia mabomba. Alikata vizuri, akapaka gundi, akasukuma. Ila hakufuta. Umande ulitiririka juu ya plastiki, hata vidole vyangu vikawa vinateleza.

"Shemeji, tungoje jua," nilimwambia.

"Jua la Malindi? Utalingoja mpaka mwakani. Mama atakunywa maji leo."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Alifukia mtaro papo hapo, akapanda hadi kwenye bomba kuu kufungua koki. Maji yalikuja kwa kishindo, kisha tukasikia ukelele wa Bi Zaina, jirani yetu wa upande wa chini. Kiungo kilikuwa kimechomoka ndani ya udongo. Tuta lake lilikuwa limebomoka, na miche ya kabichi aliyotoka kuipandikiza ilikuwa inaelekea mtoni.

Yona alifunga koki, akarudi anailaani gundi, na kijiji, na waliotengeneza plastiki. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno.

"Yona, maji nimeyangoja tangu nilipoolewa. Ningeshindwa kungoja gundi ikauke?" Akajisogeza kwenye kigoda, maana nyonga ilimuuma. "Nenda kwa Zaina kwanza. Bomba baadaye."

Alikwenda. Bi Zaina alimwacha asimame kwenye tope, akaipokea shikamoo yake bila kumtazama.

"Marahaba. Jembe lile pale."

Walilijenga upya lile tuta pamoja.

Kesho yake jua lilitoka, tukafukua. Tulikata ncha zilizoharibika, tukazilainisha kwa kisu, tukazifuta kwa kitambaa nilichokikausha jikoni. Yona alipaka gundi nje ya bomba na ndani ya kiungio, akasukuma huku akizungusha kidogo, akashikilia. Tuliacha mtaro wazi na koki imefungwa mpaka siku iliyofuata. Maji yalipofunguliwa, Bi Zaina alishuka mtaroni mwenyewe, akapitisha kiganja chini ya kila kiungo, akakitazama. Kikavu.

"Sasa fukieni," alisema.

Mama alinawa uso bila kuinuka kwenye kigoda chake. Akasema maji yana baridi. Yona akaingia ndani haraka ili tusimwone machozi.

Mwanangu, ukiunga bomba nyumbani kwako, kata wima, si mshazari, futa mpaka pakauke, paka pande zote, shikilia, kisha ngoja. Usifukie usichokijaribu, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na huenda ukuta huo ukawa wa jirani. Wahenga walisema nia njema ni tabibu, nami siwapingi. Lakini Yona alikuwa na nia njema kuliko sisi sote asubuhi ile, na kabichi zilikwenda na maji. Kiungo hakikuulizi unampenda nani. Kinakuuliza kama umekifuta, kama umekingoja.

Mungu akujalie mikono yenye subira, na maji yafike uani kwako bila kumliza mtu njiani. Amina.