Samli Kwenye Mbao za Bwana Pamba

Kwa miaka ishirini na mmoja Mayala alikuwa seremala katika karakana ya chama cha ushirika pale Bariadi, na hakuna mtu aliyewahi kumrudishia mlango. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, ushirika ukayumba, karakana ikafungwa, naye akarudi nyumbani Somanda na sanduku la vifaa na kiburi chake chote. Kiburi hakipikwi kikaliwa. Kwa miezi minane alitengeneza vitanda na majeneza, akingoja mtu amkumbuke.

Aliyemkumbuka ni Constantine, msimamizi wa tajiri mmoja wa Mwanza aliyekuwa anajenga kiwanda cha kuchambua pamba nje ya mji. Tajiri alikuwa amepanga nyumba ya zamani ya Bwana Pamba, yule Mwingereza aliyesimamia kilimo enzi za mkoloni. Constantine alimwagiza Mayala atoe rangi yote ndani, kwenye milango, fremu na makabati ya ukutani, mbao zionekane kama siku zilipofungwa. Tajiri angekuja kukagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akiridhika, Mayala angekuwa seremala wa kiwanda, kazi ya kudumu.

Wiki mbili alikwangua kwa skrepa na vipande vya kioo. Chini ya rangi ya maziwa akakuta kijani, chini ya kijani akakuta buluu, na chini ya buluu akakuta mninga mtupu, mwekundu, uliounganishwa bila msumari hata mmoja. Alifurahi mpaka akaona haya, mtu mzima kuchekea mlango peke yake. Lakini mbao zilikuwa zimekauka, nyingine zimeanza kupasuka nyuzinyuzi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi wa Dar es Salaam asingelifanya, kwa sababu fundi wa Dar es Salaam hana ng'ombe. Marehemu baba yake alikuwa mchonga vigoda, na kila kigoda alikipaka samli kikanywa mpaka kikashiba. Mayala akachukua samli ya mkewe, Kwandu, kibuyu kizima, akazisugua mbao zote. Ziling'aa ajabu. Kesho yake, Jumatatu, akapaka vanishi juu yake.

Jumanne aligusa mlango wa sebuleni kidole kikanata. Akajiambia ni baridi ya asubuhi. Jumatano kidole kilinata vilevile, na nzi watatu walikuwa wamekwama kwenye kabati. Kigoda hakipakwi vanishi, ndugu yangu, kinakaliwa tu. Mafuta yalikuwa yameizuia vanishi isikauke, na fundi wa miaka ishirini na mmoja hakulifikiria hilo.

Constantine akapita saa nne, akachungulia dirishani.

"Mwangaluka, mzee. Imekauka?"

"Mwangaluka. Bado kidogo. Kesho."

"Tajiri hapendi kesho."

Alipoondoka, Mayala aliketi sakafuni. Alifikiria kukimbilia kwa kaka yake kule Shishiyu, aseme ameitwa msibani. Akilini alimwona Constantine akimpigia tajiri simu, na jina lake likienda Mwanza kwa ubaya kabla yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Nyumbani alirudi akiwa na njaa, lakini ugali ulimshinda.

"Baba Ng'washi," Kwandu alisema, "una nini?"

"Sina kitu."

"Mficha uchi hazai. Samli yangu imefanya nini huko?"

Akamweleza. Kwandu hakucheka, ingawa baadaye alikiri kwamba alitaka kucheka.

"Kibuyu cha maziwa kikishika mafuta nakiosha kwa maji ya moto na magadi," alisema. "Mlango wako una tofauti gani na kibuyu?"

Alhamisi na Ijumaa waliosha wote wawili. Mayala alikwangua ule ulimbo wa vanishi, Kwandu akasugua kwa magadi, kisha kwa maji safi, kisha kwa kitambaa kikavu. Povu lilitoka jeusi. Kila ubao uliokauka Mayala aliutazama kwa hofu, akingoja doa lirudi. Vidole vya Kwandu vilichubuka, naye hakulalamika, na hilo lilimtia mumewe aibu kuliko matusi. Ijumaa jioni mbao zilikuwa safi, kavu, nyekundu iliyokolea kidogo. Muda wa kupaka vanishi upya haukuwepo.

Jumamosi tajiri alifika na gari jeupe, mtu mfupi mwenye haraka. Mayala alisimama kando ya mlango wa sebuleni na shati lililopigwa pasi, jasho likimtoka kwapani. Alikuwa amekata shauri kusema ukweli kabla hajaulizwa.

"Tajiri, kuhusu vanishi, mimi nilikosea..."

Tajiri alikuwa ameshaushika mlango. Akaufungua, akaufunga, ukaingia kwenye fremu bila sauti. Akapitisha kiganja kwenye kabati, akainama kutazama maungio.

"Nani kafanya hii?"

"Ni mimi."

"Una mkono, mzee. Anza Jumatatu kiwandani."

Mayala akaogopa asije akalia mbele ya watu.

Tajiri akamgeukia Constantine. "Ila mbao nyekundu zinatia nyumba giza. Mke wangu hawezi kukaa humu. Pakeni rangi nyeupe, yote, mpaka makabati."

Constantine alimtazama Mayala, kisha akatazama chini. Lile agizo la kutoa rangi lilikuwa lake mwenyewe, hakumwuliza mtu.

"Nitapaka, tajiri," Mayala alisema.

Jumapili alifika mapema kwenye ile nyumba na debe la rangi. Alianza na mlango wa sebuleni, kwa kuwa ndio uliokuwa umetoka vizuri kuliko yote, akaona heri umalizike kwanza.