Mama Mkwe na Gari la Baridi

Siku hizi watu huniletea magari yao ya zamani, yamepigwa rangi mpaka unajiona kama kwenye kioo, wakitaka mashine ya baridi ipulize kama ilipotoka kiwandani. Nayatengeneza, na wengine nawatania kwamba wanataka kuoza polepole kama nyama ya friji. Ila upepo wa kwanza unapotoka roho huniuma, na hilo siwaelezi wateja.

Miaka ya sitini, muda si mrefu baada ya uhuru, nilikuwa fundi katika gereji moja Tororo. Tajiri mmoja mwenye kiwanda cha kuchambua pamba alikuwa na gari kubwa la Kimarekani, na chini ya dashibodi lilifungwa sanduku la kupuliza baridi. Watu walikuwa wakiingiza mikono dirishani na kuitoa wakicheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikilihudumia. Barabara zetu zilikuwa zikilegeza nati na gesi ikavuja, basi nilikuwa nikipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira na kutazama. Povu likivimba, hapo ndipo penye ugonjwa.

Mama mkwe wangu aliishi kijijini Lunyo, na alikuwa na pumu. Kiangazi kimoja ikamkaba vibaya, ikabidi aletwe hospitali Tororo. Njia nzima ilikuwa vumbi la malori ya pamba. Ukifunga vioo joto linamchemsha, ukivifungua vumbi linammaliza. Nilikwenda kwa tajiri kumwomba gari, naye akakubali kabla sijamaliza kueleza, akanipa na dereva wake. Nikakaza viungo vyote, nikaongeza gesi, nikaijaribu baridi mpaka meno yakagongana.

Tatizo likawa mimi. Kwetu Wapadhola, na kwa Wasamia, watu wa mke wangu, vilevile, mwanamume hakaribiani na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia vichakani. Sembuse kufungiwa naye ndani ya gari, vioo vimepandishwa! Hata hivyo nilitaka kwenda, kwa sababu mashine ile ilikuwa na tabia yake. Ukizungusha kitufe cha baridi hadi mwisho, ndani hufanya barafu, barafu inaziba, na upepo hautoki tena.

"Nitakaa mbele na dereva," nilimwambia mke wangu. "Sitageuka nyuma hata kidogo."

"Wewe nakaa na mama gari moja?" alishtuka. "Watu ya Lunyo itasema nini? Hapana. Mimi nakwenda kuchukua yeye. Wewe nangoja hospitali."

Sikubishana. Nani angebishana? Nikamgeukia dereva, mtu wa Busia ya upande wa Kenya, mwingi wa maneno.

"Kitufe kiishie katikati," nilimwambia. "Upepo ukipotea, punguza baridi, ngoja. Vioo usifungue."

"Fundi, gari hili naliendesha tangu lishuke melini," alijibu. "Mama atafika akitetemeka."

Nilisimama kwenye lango la hospitali tangu asubuhi. Gari lilipotokea, niliona kwa mbali kwamba vioo vyote vilikuwa chini. Viti vilikuwa vyekundu kwa vumbi, na mama alishushwa akiwa hawezi hata kukohoa. Niligeuza uso, kama ilivyonipasa.

"Mashine yako imekufa, fundi," dereva aliniambia kwa huzuni.

Nikapeleka mkono chini ya dashibodi. Maji yalikuwa yakidondoka, na kwenye mabomba bado palikuwa na vipande vya barafu. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Kumbe, kama alivyonieleza mwenyewe, dereva alimsikia mama akihema kwa shida, akamwonea huruma, akazungusha kitufe hadi mwisho. Upepo ulipokatika na joto kupanda, wakafungua vioo nyuma ya malori. Simlaumu. Lakini mimi ningekuwa pale ningekirudisha kitufe kile kwa vidole viwili tu, na ninajuta mpaka leo kwamba sikuwapo.

Wodini nako sikuruhusiwa na mila kuingia. Nilikaa nje chini ya dirisha, nikisikia pumzi yake. Jioni mke wangu alitoka, macho yamevimba.

"Mama nasema, wewe ungekaa mbele tu," aliniambia. "Yeye angefunika uso na leso, basi, imekwisha."

Nikamwambia arudi ndani amwambie kwamba safari ya kurudi nitaendesha mwenyewe. Akaenda, na aliporudi akasema mama alitabasamu.

Hakumaliza wiki. Safari ya kurudi Lunyo niliendesha mimi kweli, kwa lori la gereji, jeneza likiwa nyuma yangu. Hakuna mzee hata mmoja aliyesema nimekosa adabu.