Sauti Iliyoitika Mugumoni

Nilipokuwa mtoto pale Kinoo, Ukikuyuni, miaka ile ya Hali ya Hatari, wakoloni walipotufungia vijijini, hakuna aliyethubutu kuita jina la mtoto baada ya jua kutua. Cucu, mama yake baba, alikuwa mkali juu ya hilo kuliko askari wa kafyu. Alisema mizimu hukaa kwenye mugumo, ule mti mkubwa mtakatifu wa bondeni, na ikisikia jina hulishika.

"Na wewe Wanja, ukiitwa na humwoni mtu," aliniambia, "funga mdomo."

Mdogo wangu Njeri hakuhitaji onyo hilo. Alikuwa na miaka sita na hajawahi kutamka neno. Ukimwita hageuki. Lakini miguu yake! Ukipepesa macho ameshatoka, anateremka kuelekea majini, hajali miiba wala mbwa. Majirani walisema mizimu ndiyo inayomwita. Mama alichoka, akawa anafunga upindo wa gauni la Njeri kwenye gauni lake mwenyewe akienda kulima, na wanawake wenzake wakamcheka. Niliwachukia wale wanawake, na bado nawachukia.

Jioni moja mama, Cucu, Njeri na mimi tulikuwa nje ya kijiji tukiokota kuni. Mama alifungua fundo ili ajitwike mzigo. Alipoinua kichwa, Njeri hayupo. Kijiji chetu kilizungushiwa handaki, kikiwa na lango moja tu, na saa ya kulifunga ilikuwa imekaribia. Mama alikimbia kumwomba askari wa lango atungoje.

"Nikifunga sifungui," alijibu. "Na nikimwambia mtu asimame, naye asisimame, napiga risasi. Si unajua?"

"Mtoto wangu haitiki hata akiitwa."

"Basi mlete haraka, mama. Kafyu haijui mtoto."

Tulimtafuta kimya kimya, mama, Cucu na mimi, tukipapasa vichakani kama wezi. Kila mama alipotaka kuita, Cucu alimziba mdomo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni. Tulipokaribia mugumo, ndege wote walikuwa wamenyamaza. Hapo mama aliusukuma mkono wa Cucu, akapaza sauti: "Njeri!"

"Ndi haha, maitu." Nipo hapa, mama.

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, tulivu kabisa, kutoka kwenye mizizi. Cucu alianguka magotini. Mama alikimbia. Tulimkuta Njeri ameketi ndani ya chemchemi, maji yamemfika kifuani, anayapigapiga kwa viganja, midomo ameifumba. Mama alimbeba mgongoni, tukapita langoni askari akiwa ameshashika komeo.

Njeri hakusema neno jingine maisha yake yote, kama lile lilikuwa lake. Cucu alishikilia kwamba ni mizimu iliyojibu. Uzeeni nimekutana na daktari aliyenieleza kuhusu watoto wa namna hiyo: kwamba hutangatanga, kwamba wengi huvutwa na maji, kwamba si laana wala si kosa la mama. Nilimshukuru, nikalia mbele yake. Ile sauti sikumtajia.

Ninayemfikiria zaidi ni mama. Miguu ya Njeri ilimnyima usingizi, lakini sauti ile ilimwumiza kuliko miguu, maana ilimpa tumaini. Tangu siku hiyo, kila jioni, Njeri akiwa ameketi karibu naye mekoni, mama aliita jina lake taratibu, kisha akanyamaza kusikiliza. Aliita hivyo mpaka alipokufa.