Skrini Mbili Dukani

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Rula, kwa kuwa mshono wake ulikuwa haupindi hata kwa bahati mbaya. Miaka miwili mizima niligombana naye kwa sababu ya TV.

Yetu ilikuwa ya kichogo. Majirani wote walishahamia kwenye HD, na wanangu wakawa wanakwenda kubanana kwenye sebule za watu kutazama mpira. Hasira zilikuwa zinanifika kooni. Nikimwambia, jibu lake lilikuwa lile lile: "Mama Watoto, nimeiona hiyo HD kwa jirani. Usanii mtupu. Picha ni ile ile."

Basi nikamtangaza. Nilimwita mkono wa birika mbele ya dada zake, nao wakacheka, na mimi nikazidisha. Mwaka jana wateja wakaanza kurudisha nguo, yeye akasema cherehani imechoka. Nikamwambia labda imechoka kulishwa ubahili.

Jumamosi moja nikamkokota mpaka dukani. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, akawasha TV mbili kwa pamoja, ya zamani na ya HD, zote zikionyesha bustani ile ile.

"Shemeji, tazama hayo majani," akasema. "Kwenye HD unahesabu moja moja."

Kweli bwana, mimi niliona mpaka matone ya maji. Nikamgeukia mume wangu nikiwa nimeshashinda. "Haya, sema sasa."

Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza. Watu wakaanza kutuangalia.

"Tofauti huioni?" nikamuuliza kwa sauti, makusudi wasikie.

Akaniinamia sikioni. "HD ni ipi?"

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia usoni, hana utani. Nikamshika mkono tukatoka. TV hatukununua.

Jumatatu tukawa kwa daktari wa macho. Kumbe ana sukari, na hakuna aliyejua. Imeharibu mishipa ndani ya macho yote mawili. Daktari akasema watajaribu kulinda kilichobaki, ila kilichokwenda hakirudi, na ushonaji autafutie mtu mwingine.

"Dalili zilianza lini?" akauliza.

"Juzi tu, dukani," nikadakia.

Mume wangu akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Miaka miwili, daktari. Mwanzo nilidhani ni TV za watu, halafu nikadhani ni cherehani. Nilipojua ni mimi, nikashindwa kumwambia huyu."

Daktari akaniangalia, akaendelea kuandika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tumelala kitanda kimoja siku zote hizo, na mtu aliona heri apofuke kuliko kuniambia mimi.